Kwa nini timu za NFL zina bajeti sawa lakini hazilingani uwanjani

Msimu wa 2024 kila timu kati ya 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ilikuwa na kikomo kilekile cha mishahara ya wachezaji: dola milioni 255.4. Giants na Jets wa New York hawakuruhusiwa kukipita eti kwa kuwa wanatoka jiji kubwa, na Green Bay Packers, wanaotoka mji wenye watu laki moja na ushei, walikuwa na uwezo wa kukifikia. Lakini ligi ilipomalizika, Kansas City Chiefs na Detroit Lions walikuwa wameshinda mechi 15 kati ya 17, huku Cleveland Browns, Tennessee Titans na Giants wakiambulia ushindi mara tatu tu kila mmoja.

Kwa aliyezoea soka la Ulaya, pengo kama hilo hujibiwa haraka: fedha. Bayern Munich walitwaa ubingwa wa Ujerumani mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023, wakiwa na bajeti inayowazidi wapinzani wao kwa mbali. NFL imeifunga njia hiyo. Tajiri hawezi kununua kikosi kizima cha nyota, na hakuna timu inayoshuka daraja hata ikiburuza mkia miaka kumi. Sasa tofauti inatoka wapi? Na kama haitoki kwenye fedha, kanuni zote zile za kusawazisha zinafanya kazi gani?

Kanuni hizo huwa zinasifiwa kwa mkupuo, kana kwamba zote zina uzito mmoja. Sivyo. Mgawo wa fedha za televisheni ndio nguzo inayoibeba ligi. Utaratibu wa kugawana wachezaji wapya unapewa sifa kuliko unavyostahili. Kikomo cha mishahara nacho kinawafaa wamiliki kwanza, usawa unafuata nyuma. Na kuna jambo moja linaloamua mechi nyingi kuliko mengine yote ambalo hakuna kanuni iliyowahi kuweza kuligawa.

Usawa wa aina gani?

Kabla ya kuingia huko, tukubaliane tunapima nini. Anayesema ligi ina usawa anaweza kumaanisha kwamba timu zinakaribiana ndani ya msimu mmoja. Anaweza pia kumaanisha kwamba aliye chini mwaka huu ana nafasi ya kuwa juu mwakani. Wengine wanaangalia kombe tu: je, linazunguka? Haya ni mambo tofauti, na NFL inafaulu katika moja, inayumba katika mengine.

Tuanze na msimu mmoja. Tuseme timu zote 32 zinalingana kabisa, na kila mechi ni sawa na kurusha sarafu hewani. Hata hapo zisingemaliza zote na ushindi nane au tisa, kwa sababu bahati peke yake hutawanya matokeo. Hesabu ya uwezekano inaonyesha kwamba katika mechi 17 za sarafu, timu kama 21 kati ya 32 zingepata ushindi kati ya 7 na 10. Ya kufikisha ushindi 13 ingekuwa moja, au isiwepo kabisa. Vivyo hivyo ya kuishia na ushindi 4 au pungufu.

Sasa weka msimu wa 2024 kando ya hesabu hiyo. Timu zilizopata ushindi kati ya 7 na 10 zilikuwa 12 tu. Zilizofikisha 13 au zaidi zilikuwa tano: Chiefs, Lions, Philadelphia Eagles, Minnesota Vikings na Buffalo Bills. Zilizoishia na ushindi 4 au pungufu zilikuwa sita. Bahati haiwezi kutengeneza matokeo yaliyotawanyika hivyo. Ndani ya msimu mmoja, wenye uwezo walikuwepo na wasio na uwezo walikuwepo.

Hadithi inabadilika ukitazama mwaka kwa mwaka. Tangu 1990 haujapita msimu ambao timu zilizoingia hatua ya mtoano hazikuwa na sura mpya angalau nne, yaani timu ambazo mwaka uliotangulia zilikuwa zimebaki nyumbani. Washington Commanders walishinda mechi 4 kati ya 17 mwaka 2023. Msimu uliofuata walishinda 12, wakaenda Detroit katika mtoano, wakawafunga Lions wale wale wa ushindi 15 kwa pointi 45 kwa 31, mbele ya mashabiki wao. St. Louis Rams walishinda mechi 4 kati ya 16 mwaka 1998, na msimu wa 1999 wakawa mabingwa, wakiongozwa na Kurt Warner, mtu ambaye miaka michache kabla alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za duka usiku.

Kwa hiyo usawa wa NFL ni wa kupokezana zaidi kuliko wa kukaribiana. Na hata huo wa kupokezana, sehemu yake haitokani na kanuni yoyote ya ugawaji. Unatokana na uchache wa mechi. Beziboli huchezwa mechi 162 kwa msimu, na bahati ikikupendelea Aprili itakugeuka Julai. Mechi 17 hazitoshi kufuta mpira mmoja uliodunda vibaya. Mtoano nao ni mechi moja, ukifungwa unafungasha, tofauti na mpira wa kikapu wa NBA ambako mpinzani lazima akushinde mara nne. Ratiba pia inasaidia kidogo: mechi 14 kati ya 17 zimepangwa kwa mzunguko usiojali nani alikuwa nani, lakini tatu zilizobaki zinakukutanisha na waliomaliza nafasi kama yako mwaka uliopita, kwa hiyo kinara anakutana na vinara.

Ama kuhusu kombe lenyewe, hapo sifa zinapungua. Hadi fainali ya Februari 2025, timu 12 kati ya 32 hazijawahi kushinda Super Bowl, fainali inayoamua bingwa wa ligi, na nne kati ya hizo, yaani Browns, Lions, Jacksonville Jaguars na Houston Texans, hazijawahi hata kuicheza. New England Patriots wamelichukua mara sita kati ya misimu ya 2001 na 2018. Linganisha na beziboli, mchezo usio na kikomo cha mishahara: baada ya New York Yankees kumaliza mfululizo wao mwaka 2000, hakuna bingwa aliyefanikiwa kutetea taji hadi Los Angeles Dodgers walipochukua mwaka 2024 na 2025. Katika kipindi hicho hicho NFL ilishuhudia mabingwa wawili wakitetea taji, Patriots na Chiefs. Anayedai kwamba kikomo cha mishahara huleta mabingwa wengi ana kazi ya kueleza hilo.

Ndugu wawili wa New York

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 timu nyingi za NFL ziliuza matangazo yao ya televisheni kila moja kivyake. Aliyekaa kwenye jiji kubwa alivuna, aliyekaa mji mdogo aliokota makombo. Mwaka 1960 ligi ikamchagua kamishna mpya, Pete Rozelle, kijana wa miaka 33. Mwaka huohuo ligi pinzani ya AFL ilianza kucheza ikiwa imeuza matangazo yake yote kwa pamoja kwa kituo cha televisheni cha ABC na kugawana fedha sawasawa. Rozelle aliona hiyo ndiyo njia.

Kuwashawishi wa miji midogo hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kwa wenye cha kupoteza, na hakuna aliyekuwa na cha kupoteza kuliko ndugu wawili, Jack na Wellington Mara, wamiliki wa Giants, waliokaa kwenye soko kubwa kuliko yote Marekani. Walikubali. Walikubali kupokea kiasi kilekile atakachopokea Green Bay. Katika historia nzima ya ligi hii sijui uamuzi mwingine wenye uzito kama huo, na nasikitika kwamba hautajwi kama yanavyotajwa magoli ya dakika za mwisho.

Ukazuka mgogoro wa kisheria. Jaji wa mahakama ya shirikisho huko Philadelphia aliuzuia mkataba wa kwanza na kituo cha CBS mwaka 1961, kwa sababu sheria za ushindani wa biashara za Marekani haziruhusu washindani kuungana na kuuza bidhaa kwa bei moja. Rozelle akaenda Bungeni Washington kuomba ruhusa ya pekee. Akaipata: Septemba 1961 Rais John F. Kennedy alisaini sheria inayoruhusu ligi za michezo ya kulipwa kuuza haki za matangazo kwa pamoja. Mkataba ulioanza 1962 ulikuwa wa dola milioni 4.65 kwa mwaka. Ukizigawa kwa timu 14 zilizokuwepo, kila moja ilipata takribani dola 332,000.

Tunajua mgawo huo leo ni kiasi gani kwa sababu ya Packers. Wao hawana tajiri mmoja mwenye timu; wanamilikiwa na wanahisa zaidi ya nusu milioni wasiopata gawio lolote, na kila mwaka hesabu zao huwekwa hadharani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, fungu lao kutoka mapato ya pamoja ya ligi lilikuwa dola milioni 432.6. Rudi kwenye kikomo cha mishahara cha msimu huo, milioni 255.4, uongeze milioni 74 ambazo kila timu ilichangia kwa marupurupu ya wachezaji kama bima na pensheni. Jumla ni milioni 329.4. Yaani kabla haijauzwa tiketi hata moja, kabla ya jezi, kabla ya mdhamini wa uwanja, timu ya mji mdogo kabisa ilikuwa imekwisha kulipa kikosi chake na kubakiwa na zaidi ya milioni 100.

Hakuna kanuni nyingine inayoweza kufanya hivyo. Bila fungu hilo kikomo cha mishahara kingekuwa dari ambalo wengine hawalifikii. Theluthi moja hivi ya mapato ya mlangoni, asilimia 34, nayo huingia kwenye chungu cha pamoja. Mapato ya vyumba vya kifahari uwanjani, udhamini wa ndani na maegesho hayagawanywi, na hapo Dallas Cowboys wanawazidi wengine kwa mbali. Lakini ziada hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa mishahara mikubwa isiyo na mwisho, kwa hiyo madhara yake uwanjani ni madogo. Kwa sasa.

Wa mwisho achague kwanza

Drafti ni jina la siku ambazo timu hugawana wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Aliyemaliza mkiani anachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, na mzunguko huo hurudiwa raundi saba. Mchezaji akishachaguliwa, hawezi kusaini na timu nyingine ndani ya ligi.

Aliyelibuni wazo hilo ni Bert Bell, mmiliki wa Eagles na baadaye kamishna wa ligi. Katikati ya miaka ya 1930 wachezaji bora walikimbilia Chicago Bears, Packers na Giants, kwa kuwa huko kulikuwa na fedha na mataji. Mwaka 1935 Bell aliwashawishi wamiliki wenzake, na Februari 1936 drafti ya kwanza ikafanyika Philadelphia. Eagles, waliokuwa wameshinda mechi mbili tu kati ya 11, walichagua kwanza. Wakamchukua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji aliyesifika kuliko wote vyuoni mwaka ule. Hakucheza NFL hata siku moja. Aliona hakuna maslahi, akaenda kufanya shughuli nyingine.

Mwanzo huo unaeleza tatizo la drafti hadi leo: inagawa nafasi ya kubahatisha. Tom Brady, aliyewapa Patriots mataji sita, alichaguliwa mwaka 2000 akiwa wa 199, baada ya kila timu kumpita mara kadhaa na baada ya wengine sita wanaocheza nafasi kama yake uwanjani kuchukuliwa. Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler, huyo wa pili akiwa mshindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 2017, waliichambua drafti na kukuta kwamba timu zililipa kupita kiasi kupata chaguo za juu kabisa. Mchezaji wa kwanza alikuwa bora kweli kuliko wa ishirini, ila alikuwa ghali kiasi kwamba ubora wake uliliwa na mshahara wake. Zawadi ya kuburuza mkia iligeuka mzigo.

Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2011, na ni rahisi kuiona ukiwaweka watu wawili bega kwa bega. Mwaka 2010 wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Sam Bradford, na Rams walimsainisha miaka sita kwa dola milioni 78, milioni 50 kati yake zikiwa za uhakika. Mwaka uliofuata wa kwanza alikuwa Cam Newton, aliyekwenda Carolina Panthers chini ya kanuni mpya ya mishahara ya wachezaji wapya wa drafti: miaka minne, dola milioni 22. Tangu hapo, timu mbovu inayochagua vizuri inapata kitu cha thamani kubwa kwa bei ya chini kwa miaka minne, mitano. Naamini badiliko hilo moja limesaidia timu za chini kuinuka haraka kuliko miaka 75 ya drafti iliyotangulia.

Kikomo na mianya yake

Kikomo cha mishahara kilizaliwa katika mapatano. Kwa miongo mingi mchezaji wa NFL hakuweza kuhama kwa hiari hata mkataba ukiisha. Mwaka 1992 baraza la mahakama huko Minneapolis, katika kesi iliyobeba jina la Freeman McNeil, lilikuta kwamba vizuizi vya ligi vilivunja sheria za ushindani. Wamiliki wakalazimika kuzungumza. Wachezaji wakapata uhuru wa kuhama mwaka 1993, wamiliki wakapata kikomo mwaka 1994, wakianzia dola milioni 34.6 kwa timu. Mchezaji huru aliyetafutwa kuliko wote wa mwaka huo wa kwanza, beki mkubwa Reggie White, hakwenda jiji kubwa. Alikwenda Green Bay kwa dola milioni 17 za miaka minne. Fedha za televisheni zilikuwa zimefanya kazi yake.

Kikomo hakitungwi hewani. Chini ya mkataba wa kazi wa 2020 wachezaji wanapata takribani asilimia 48 ya mapato ya ligi, na hesabu hiyo ndiyo inayogawanywa kwa timu 32. Kuna pia kiwango cha chini ambacho lazima kitumike, ili mmiliki bahili asijaze mfuko wake kwa fungu la televisheni.

Mwanya mkubwa ni fedha ya kusaini. Timu ikimpa mchezaji milioni 50 anaposaini mkataba wa miaka mitano, yeye anazipokea mapema, lakini kwenye vitabu vya kikomo zinahesabiwa milioni 10 kila mwaka. Ndiyo maana utasikia timu ‘imejaza kikomo’ na bado inasajili. Deni linasogezwa mbele tu. Mchezaji akiachwa kabla ya wakati, yote yaliyosogezwa yanarudi na kula nafasi ya wachezaji waliomo kikosini. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024, walibeba dola milioni 85 za mtu ambaye hachezi tena kwao, zikagawanywa katika misimu miwili.

Kwa hesabu za kawaida Broncos walipaswa kuzama. Hawakuzama. Walishinda mechi 10 mwaka ule na kuingia mtoano, kwa sababu waliyemweka badala ya Wilson, Bo Nix, alikuwa ametoka kwenye drafti na mshahara wake ulikuwa mdogo.

Kwamba kikomo kinalinda kwanza mifuko ya wamiliki, ushahidi ulio wazi zaidi ni msimu wa 2010, ambao haukuwa na kikomo kabisa kwa mujibu wa mkataba uliokuwepo. Cowboys na timu ya Washington walitumia nafasi hiyo kulipa fedha nyingi mapema. Hakuna kifungu kilichoandikwa walichovunja. Mwaka 2012 ligi iliwakata hata hivyo nafasi ya kikomo, Washington milioni 36 na Dallas milioni 10. Waliadhibiwa kwa kulipa wachezaji wakati wenzao walitarajia wasilipe.

Mtu mmoja asiyegawanyika

Sasa tufike kwenye kile kisichogawika. Kwotabeki ni mchezaji anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua, ndani ya sekunde tatu hivi, aurushe kwa nani au amkabidhi nani akimbie nao. Hakuna nafasi nyingine katika michezo ya timu inayobeba uamuzi mwingi kiasi hicho. Na watu wanaoiweza kwa kiwango cha juu duniani kote ni wachache kuliko timu 32.

Tazama AFC, nusu moja ya ligi yenye timu 16. Katika misimu 24, kuanzia 2001 hadi 2024, timu zilizoiwakilisha nusu hiyo katika Super Bowl zilianza fainali na makwotabeki saba tu. Brady mara tisa. Patrick Mahomes wa Chiefs mara tano. Peyton Manning mara nne, akiwa na timu mbili tofauti. Ben Roethlisberger wa Pittsburgh mara tatu. Rich Gannon, Joe Flacco na Joe Burrow mara moja moja. Wakati wote huo fedha ziligawanywa sawa, drafti ilifanyika kila mwaka, kikomo kilisimama isipokuwa msimu ule mmoja. Walioketi upande mbaya wa majina hayo waligawana makombo.

Kikomo hapo kinafanya jambo ambalo wengi hawalitarajii: badala ya kumbana mwenye kwotabeki bora, kinambeba. Katika soko huria Mahomes angelipwa thamani yake halisi, na Chiefs wangebaki na kidogo kwa wengine. Lakini mishahara yote ikiwa imefungwa chini ya dari moja, hata mshahara mkubwa kuliko yote ni wa chini kuliko ushindi anaouleta. Mwaka 2022 Chiefs walimuuza mpokeaji wao hatari, Tyreek Hill, kwa Miami ili wapate nafasi ya kikomo na chaguo tano za drafti. Wakachukua ubingwa misimu miwili iliyofuata.

Kilichobaki kwa wengine ni kumpata kijana akiwa bado rahisi. Brock Purdy alikuwa mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka 2022, wa 262. Msimu wa 2023 mshahara wake San Francisco 49ers ulikuwa dola 870,000, mwaka ambao Burrow alisaini mkataba wa wastani wa milioni 55 kwa mwaka. Tofauti hiyo yote 49ers waliiweka kwa wengine: Nick Bosa peke yake alisaini milioni 170 za miaka mitano. Wakafika Super Bowl ya Februari 2024 na kufungwa na Chiefs 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Mei 2025 zamu ya Purdy ikafika, dola milioni 265 kwa miaka mitano, na dirisha la urahisi likafungwa. Hata kabla ya hapo majeruhi yalikuwa yamewashusha hadi ushindi sita msimu wa 2024. Dirisha hilo ndilo linaloendesha mzunguko wa NFL siku hizi: timu inapata kijana, ina miaka mitatu minne ya kujenga kikosi kizito kumzunguka, kisha bili inakuja.

Mmiliki habadilishwi na drafti

Cleveland Browns walishinda mechi moja kati ya 16 mwaka 2016 na hawakushinda hata moja mwaka 2017. Walichagua wa kwanza miaka miwili mfululizo. Tangu timu hiyo ilipoanzishwa upya mwaka 1999 wamejaribu makwotabeki zaidi ya 30, watano kati yao wakiwa wamewachagua wenyewe katika raundi ya kwanza. Ligi iliwapa kila kilichoweza kugawiwa: chaguo za juu, fungu la televisheni, nafasi ya kikomo. Mwaka 2022 wakatoa chaguo tatu za raundi ya kwanza kumpata Deshaun Watson na kumsainisha dola milioni 230, zote za uhakika. Miaka miwili baadaye walikuwa tena na ushindi mara tatu.

Detroit wanaonyesha upande wa pili. Lions hawakushinda mechi hata moja kati ya 16 mwaka 2008, na kati ya Januari 1992 na Januari 2024 hawakushinda mechi yoyote ya mtoano. Kisha walimuuza kwotabeki wao Matthew Stafford kwa Rams mwaka 2021, wakapokea Jared Goff na chaguo kadhaa, wakazitumia vizuri mwaka baada ya mwaka chini ya meneja na kocha waliopewa muda. Rasilimali zilikuwa zile zile walizokuwa nazo miaka yote 30. Kilichobadilika ni watu waliozitumia. Katika ligi isiyoshusha daraja hakuna kinachomlazimisha mmiliki kubadilika. Anapokea mamilioni yale yale akiwa wa kwanza au wa mwisho, na shabiki wa Cleveland hana pa kulalamikia.

Na gharama ya usawa huu inabebwa na nani? Kwa kiasi kikubwa, na vijana wa miaka 22. Mhitimu wa sheria anachagua mwajiri na mji. Mchezaji wa futiboli anapangiwa vyote viwili, na mshahara wake wa miaka minne umekwisha kuandikwa kabla hajafika. Wengi wao hawafiki mkataba wa pili, miili inakataa. Ile akiba inayoifanya timu ya chini iinuke haraka, ambayo nimeisifu hapo juu, imetoka kwao. Chama cha wachezaji kiliikubali mwaka 2011, lakini waliopiga kura ni waliokuwa tayari ndani ya ligi, na waliokatwa ni waliokuwa bado vyuoni. Mimi ningeanza kurekebisha hapo: kufupisha mkataba huo wa kwanza kuwa miaka mitatu, kwa kuwa fungu la televisheni lina nguvu ya kutosha kubeba usawa bila mkono wa ziada.

Swali ni kama wamiliki wataendelea kuligawa. Mwaka 1961 waliokubaliana walikuwa familia chache zilizofahamiana, baadhi yao wakiwa hawana biashara nyingine kubwa. Mwaka 2022 Broncos waliuzwa kwa dola bilioni 4.65 kwa kundi la familia ya Walton, warithi wa maduka ya Walmart, na mwaka uliofuata Commanders wakauzwa kwa zaidi ya bilioni 6. Agosti 2024 ligi iliruhusu mifuko ya uwekezaji kununua hadi asilimia 10 ya timu. Aliyelipa bei hiyo anajenga uwanja mpya, anauza vyumba vya kifahari, na sehemu ya mapato yasiyogawanywa inakua. Mikataba mingi ya televisheni inaipa ligi haki ya kujitoa baada ya msimu wa 2029, na mkataba wa kazi na wachezaji unaisha baada ya msimu wa 2030. Mezani hapo kitakachojadiliwa ni asilimia ngapi iingie kwenye chungu, na watakaokaa kwenye kiti alichokalia Wellington Mara ni watu waliolipa mabilioni kukifikia.